Shoo za boti za ndani na naroboti za miaka ya 70 mpaka 90: rivyu ya mtu aliyesimama kibandani

Wadau, sa hizi kila mtu anaulizia naroboti, zile boti nyembamba za chuma za mifereji ya Uingereza ambazo watu wanaishi ndani. Nyumba Uingereza hazishikiki, watu wanaangalia video za boti inapita taratibu mferejini, moshi unatoka kwenye bomba la jiko, moyo unaenda, halafu swali linalonifikia ni lile lile: nimeona ya mwaka 1984 inauzwa, nimeona ya 1992, nichukue au niache? Badala ya kujibu mmoja mmoja naandika rivyu moja ndefu ya vitu viwili ambavyo kwangu haviachani, naroboti zenyewe zilivyokuwa zinajengwa miaka ile, na zile shoo za boti za ndani ya kumbi ambako nyingi ziliuzwa. Nilikuwa welda kwenye yadi moja ya kujenga boti huko Midlands, katikati ya Uingereza, na majira ya baridi yadi ikipeleka boti shoo na mi nilikuwemo, mchana nasimama kibandani kujibu maswali, usiku tunafuta alama za vidole kwenye shaba.

Msimamo wangu nautoa mapema. Kwa kumwonyesha mnunuzi boti ya chuma ilivyo, sijaona kitu kilichoishinda shoo ya ndani, na sababu ni moja tu, boti ilikuwa kavu. Imekaa juu ya magogo sakafuni, tumbo nje, hamna maji ya kuficha kitu. Shoo zile zilikuwa na ubaya wake na nitausema, ila hilo la tumbo kuonekana ndilo ninalolikosa mpaka leo, na nadhani wanunuzi wa siku hizi wanalikosa bila hata kujua.

Tuelewane kwanza hii boti ni kitu gani. Naroboti ni boti ya mifereji ya Uingereza, upana futi 7 kasoro kidogo, yaani kama mita 2.1, urefu unaweza kufika futi 72. Wembamba huo haukuja kwa urembo. Karne ya 18 James Brindley na wahandisi wenzake walipochimba mifereji ya Midlands walijenga loki za upana wa futi 7, loki ndo vile vyumba vya maji vyenye mageti vya kupandishia na kushushia boti, na tangu hapo boti yoyote inayotaka kupita huko sharti iingie mle. Kazi yake ilikuwa mizigo, makaa ya mawe hasa. Reli ikala biashara, malori yakamalizia, na ule msimu wa baridi wa 1962 kuingia 1963 maji yaliganda wiki nyingi mfululizo na mizigo mingi haikurudi tena mferejini. Chama cha kutetea mifereji, Inland Waterways Association, kilichoundwa 1946, kilikuwa kinapiga kelele miaka yote mifereji isifukiwe, na Sheria ya Usafirishaji ya 1968, ile ya waziri Barbara Castle, ikaitambua mifereji mingi kuwa ya watu kutembea kwa starehe. Basi mahali pa kwenda pakawepo, boti zenyewe hamna. Zile za mbao zilikuwa zimeoza, za chuma za mizigo ni ndefu mno na hazina pa kulala zaidi ya kijumba kidogo nyuma, kwa hiyo karakana ndogo ndogo za chuma zikaingia kazini, watu waliokuwa wanatengeneza matangi na majukwaa wakaanza kuchomelea boti.

Mji mmoja wa Market Harborough, kule Leicestershire, ulikuwa na wajenzi wawili wa boti, Springer na Harborough Marine, kwa wakati mmoja. Springer ndo walioleta boti kwa mtu wa mshahara wa kawaida. Walitoka kwenye matangi ya maji na ukiangalia Springer ya zamani unaona akili ya mtu wa matangi, mistari imenyooka, mikunjo michache, chini imekunjwa kama herufi V ili chuma chembamba kipate nguvu kwenye mkunjo. Porojo kwamba zilijengwa kwa vyuma vya matangi ya gesi yaliyobomolewa inazunguka mpaka leo kila penye wenye boti wawili. Mi nasema hivi, Springer nyingi bado zinaelea, zimelea familia, zimewafikisha watu mahali ambako boti ya fundi mkubwa isingewafikisha kwa sababu wasingeweza kuinunua. Heshima yao wapewe.

Sasa shoo.

Ile kubwa ya London ilikuwa Januari, ilianzia ukumbi wa Olympia miaka ya 50 halafu ikahamia Earls Court na kukaa huko miongo. Earls Court lilikuwa jumba la ajabu jamani, lilifunguliwa 1937, na chini ya sakafu yake kulikuwa na bwawa, sakafu inashushwa, maji yanajazwa siku kadhaa, halafu unaingia kutoka kwenye baridi ya Januari unakuta boti zinaelea ndani ya nyumba na taa juu kama mchana wa kiangazi. Ukiwa na roho ya boti unasimama tu. Ila kwa naroboti naipa alama za kati. Ile ilikuwa shoo ya bahari, matanga, yoti za fiba, boti za kasi, na wageni wengi walitaka chumvi. Naroboti moja mbili unazikuta pembeni, watu wanapita wanasema nzuri, wanapiga ubavu kwa kucha wasikie chuma, wanaondoka. Kuifikisha pale nayo ilikuwa shughuli, boti ya futi 50 na kitu juu ya trela inaingia barabara za magharibi ya London alfajiri, kona moja mnaipigia hesabu robo saa.

NEC, zile kumbi kubwa za maonyesho za Birmingham, ndo ilikuwa nyumbani. Ilifunguliwa 1976, ipo katikati ya mifereji yenyewe, yadi nyingi zilikuwa jirani tu, na Februari boti na karavani zilionyeshwa pamoja. Watu wa yoti walidharau hilo la karavani. Mi nasema ndilo lililoifanya iwe bora. Mtu wa karavani tayari anaelewa maisha ya chumba chembamba, anajua jiko la gesi dogo, taa za volti 12, kitanda kinachogeuka meza, choo cha kumwaga mwenyewe. Anaingia kwenye naroboti anauliza maswali ya maana: maji lita ngapi, gesi inakaa wapi, unyevunyevu unatoka vipi. Familia zilikuja kuangalia karavani, watoto wakavutwa na maua ya waridi na makasri yaliyochorwa milangoni, baba akafuata watoto, jioni wamekaa na mwenye yadi wanaulizana futi ngapi. Naroboti iliuzwa kwa futi bwana, unazidisha bei ya futi kwa urefu unaoutaka, ndo mazungumzo yanaanza hapo.

Utembezi ndani ya boti ulikuwa wa njia moja kwa sababu hamna pa kupishana, unapanda ngazi omoni, yaani mbele, unavua viatu, unapita sebule, jiko, choo, chumba, unatokea tezi, yaani nyuma. Foleni mpaka kibanda cha jirani. Wengi walikuwa wanakaa ndani dakika mbili wanatoka na picha ya mapazia. Mi macho yangu yalikuwa kwa wachache waliobaki nje.

Maana pale nje ndo penye elimu. Kitu cha kwanza, taa. Kumbi zile zilikuwa na taa ndefu ndefu zimejipanga juu, na ubavu wa kabini uliopakwa rangi nzito ya kung'aa unazirudisha zile taa kama mstari. Unasimama tezi, unaweka jicho karibu na ubavu, chini kidogo ya ile reli ya kushikia mkono inayokimbia juu, unaangalia kuelekea omo. Mstari wa taa ukienda umenyooka mpaka mwisho, bamba limechomelewa na mtu mwenye subira. Ukianza kunyong'onyea, unavimba hapa unabonyea pale, hasa usawa wa madirisha na penye nguzo za ndani, basi joto la weldi lilivuta bamba na fundi hakulirudisha. Bamba la kabini ni jembamba, milimita 3 au 4, ukichomelea mshono mrefu kwa mfululizo linakunjamana tu, hamna namna. Dawa yake ni kulivuta bamba likaze kabla ya kulishika, halafu unachomelea vipande vifupi, hapa kidogo, kule kidogo, unahama upande, unaacha chuma kipoe. Inakula siku. Nje mferejini kwenye mawingu na kivuli cha miti husomi hayo kirahisi, mle ukumbini yalikuwa wazi kwa yeyote, na kuna yadi zilikuwa zinapaka rangi ya bluu iliyoiva au kijani kibichi kabisa inayorudisha kila kitu, maana yake walijiamini. Waliopaka rangi pauza isiyong'aa nilikuwa nawaangalia mara mbili.

Pili, chini. Wengine walikuwa wanazungushia boti kitambaa kama sketi kuficha magogo, wanasema inapendeza. Nilikuwa nawaambia wageni wainame wafunue. Huko chini unaona mshono unaokutanisha ubavu na bamba la sakafu, yaani lile la chini kabisa linalokaa majini, ambao ndo uhai wa boti. Kwenye boti ya chini bapa bamba la sakafu linatokeza nje ya ubavu kama inchi moja, hiyo inchi ina kazi mbili, inampa welda pa kulaza mshono mnene upande wa nje na ndani pia, na ndiyo inayosugua mawe ya mfereji badala ya mshono wenyewe. Unapitisha kidole juu ya mshono. Ukiwa umelala sawasawa, mawimbi madogo yanayolingana, hamna shimo, hamna mahali umekatika ukaanza upya kwa kifundo, unaendelea. Ukikuta umesagwa na grainda ukawa laini kabisa, uliza kwa nini.

Halafu unaenda tezi unatazama swimu, kule nyuma ambako boti inachongoka kwenda kwenye propela. Hili ndo watu hawaliangalii kabisa na ndilo linaloamua boti itakwendaje maisha yake yote. Mfereji ni mfupi wa kina na mwembamba, maji yanatakiwa yapate njia ya kufika kwenye propela taratibu. Swimu ndefu, futi 12 na zaidi, inayochongoka pole pole, boti inakwenda kimya, inasikia kana, ule mkono wa kugeuzia usukani, mawimbi hayapigi kingo. Swimu fupi butu ni rahisi kujenga na inaacha nafasi kubwa zaidi ndani, ila propela inakosa maji, unaongeza moto, boti inazama tezi, inachimba, inavuta mfereji mzima nyuma yake. Na hizi boti mwendo wake ni maili 4 kwa saa, sasa uone upuuzi wa kupigana na maji kwa mwendo huo. Kuna wazee waliowahi kufanya kazi kwenye boti za mizigo walikuwa wanakuja NEC, hawapandi ngazi hata moja, wanakwenda moja kwa moja nyuma, wanapiga goti, wanapitisha kiganja kwenye swimu kuanzia ubavuni mpaka kwenye stendi ya usukani, wanatingisha kichwa juu chini au kushoto kulia, wanaenda boti nyingine. Mzee mmoja alinishika mkono akaniwekea pale chuma kinapoanza kuingia ndani akanionyesha pasipotakiwa kuwa na kona. Nilijifunza zaidi pale kuliko karakana.

Ubaya wa shoo sasa. Boti haiendi. Huwezi kusikia injini, huwezi kushika kana ukahisi, hujui inainama upande gani ikiwa na maji tangini. Injini zilikuwa zinaonyeshwa kama vito, chumba cha injini kimefunguliwa milango ya ubavuni, shaba inang'aa, Gardner au Russell Newbery ya zamani iliyorekebishwa imepakwa rangi mpaka unaogopa kuigusa, watu wanapiga picha. Lakini boti nyingi zilizouzwa zilikuwa na Lister ya kupozwa kwa hewa, SR2 au SR3, injini imara kabisa, kelele zake sasa, usiombe, au BMC 1.5 na 1.8 zenye asili ya magari, na hizo ukumbini hazikusema chochote. Mtu analipia ndoto ya Gardner anapata Lister anashangaa mwezi wa sita. Baadaye zikaja Beta zilizojengwa juu ya Kubota, zile za kijani, na hizo kwa kweli nazisifu, tulivu, spea zipo, hamna maajabu.

Jambo la pili, presha. Boti ya shoo inamalizwa usiku wa mwisho. Varnishi bado inanuka, mafundi seremala wanatoka kwa mlango wa nyuma wageni wanaingia kwa wa mbele. Iliyopo ukumbini ndo iliyokaa karakana muda mrefu kuliko zote, imebembelezwa, na yako itakayojengwa baada ya hapo inaweza kujengwa na kijana aliyeanza jana. Nilikuwa nawaambia waliotaka kusikia: mwombe mwenye yadi uje Jumanne ya kawaida, bila taarifa, uone ile iliyopo kwenye vitalu sasa hivi.

Tatu, hela. Pale kibandani unaweka amana, halafu unalipa kwa hatua, chuma kikikatwa, boti ikifungwa juu, ikimalizwa ndani. Rafiki yangu wa karibu alilipa hatua mbili kwa yadi moja ambayo siitaji, boti ikiwa gamba tupu la chuma yadi ikafilisika, na mkataba haukusema gamba ni la nani. Likahesabiwa mali ya yadi, likauzwa kulipa wadai, yeye akapanga foleni na wadai wengine na hakuambulia kitu. Inaniuma mpaka leo kwa sababu chuma kile alikuwa anakuja kukitembelea Jumamosi na watoto wake. Mkataba sharti uandike kwamba kadiri unavyolipa, boti na vifaa vilivyonunuliwa kwa ajili yake vinakuwa vyako, viwekewe alama ya jina lako, na hili linahusu hata leo.

Turudi kwenye boti zenyewe, kwa anayetaka kununua ya zamani, maana hapa miongo inatofautiana kweli.

Za miaka ya 70 nyingi zina sakafu ya robo inchi, yaani milimita 6, ubavu 5 hivi, juu chuma chembamba cha 3, na nyingine juu siyo chuma kabisa, ni plaiwudi au fiba iliyofungwa kwa bolti kwenye chuma. Kwenye ile kiungio ndo maji yanaingia. Plaiwudi inakunywa maji kimya kimya kwa miaka, ndani umewekewa mbao nzuri huoni kitu, siku unaegemea ukuta unaingia. Wengi wamezikata hizo juu wakaweka kabini ya chuma, na ikifanywa vizuri boti inakuwa mpya. Hancock & Lane, Harborough, Springer, utazikuta hizo kila mahali, na usiikatae kwa jina, ikatae kwa unene wa chuma.

Miaka ya 80 chuma kikaanza kunenepa, na kufikia 90 yadi nyingi zilishafika kwenye 10, 6 na 4, sakafu milimita 10, ubavu 6, kabini na paa 4. Huu ndo mpangilio mpaka leo na naona ulifika palipotakiwa. Uzito chini, nguvu ubavuni, juu kuwe kwepesi. Boti ya futi 57 inakuwa na tani 15 na zaidi. Halafu kwa nini futi 57? Kwa sababu kuna loki fupi kule kaskazini, za mfereji wa Calder & Hebble ndiyo maarufu, ukizidi hapo huzipiti, kwa hiyo futi 57 inakufikisha karibu kila mahali na ndo inauzika kirahisi. Wanaotaka 70 wanapata sebule kubwa na ramani ndogo.

Kitu kimoja tulichokuwa tunagombana nacho yadini ni ile ngozi ya kijivu ya bluu inayokuja na bamba jipya kutoka kiwandani. Inaonekana nzuri, ngumu, unashawishika kupaka lami moja kwa moja juu yake na kupeleka boti majini. Ila baada ya muda ngozi ile inabanduka vipande vipande na lami inaondoka nayo, na pale ilipobanduka chuma kitupu kinaliwa, unapata vishimo vya kutu vyenye kina wakati pembeni yake chuma kizima kabisa. Dawa ni kupiga mchanga kwa presha ya hewa mpaka chuma kiwe cheupe ndo upake. Yadi nyingi miaka ile hazikupiga, ni gharama, na boti ya shoo ikiwa imepakwa lami nyeusi ya kupendeza hujui chini kuna nini. Hilo hata ukumbini halikuonekana, lazima uulize. Lami yenyewe inarudiwa kila miaka miwili mitatu, na anodi za magnesi, vile vipande vinavyoliwa na kutu badala ya chuma cha boti, zinaangaliwa hapo hapo boti ikiwa imetolewa.

Ndani sasa. Miaka ya 70 na 80 ilikuwa msonobari, mbao zinazopachikana ubavu kwa ubavu kuanzia sakafu mpaka dari, varnishi juu, na kadiri miaka inavyokwenda inageuka rangi ya chungwa. Leo vijana wanaipaka nyeupe. Mi naipenda, ina joto, na ukitaka kufika kwenye nyaya unabandua ubao mmoja unaurudisha. Nyuma ya hizo mbao ndo mambo. Wengi waliweka yale mabamba meupe ya povu, yale yanayofungashiwa televisheni, kuzuia baridi. Hayafiki kila kona kwa hiyo chuma kinatoka jasho, maji yanateremka mpaka ngama, ule uwazi wa chini kabisa ndani ya boti, na ubaya zaidi, povu lile likigusana na nyaya za umeme za plastiki, plastiki inapoteza ulaini wake, ganda linakuwa gumu na kupasuka. Povu la kupulizwa linaloshika chuma moja kwa moja ndo sahihi, na yadi nzuri zilishahamia huko. Ukikagua ya zamani fungua soketi moja, vuta waya kidogo, ukunje. Ganda likipasuka mkononi, boti nzima ina nyaya hizo.

Na ngama usiisahau. Chini ya sakafu ya ndani kuna farumi, kwa kawaida matofali magumu au vile vigae vya saruji vya njia za miguu, kazi yake kuizamisha boti inavyotakiwa isilale upande. Mafundi wazuri waliinua farumi kidogo hewa na maji vipite chini. Wasiojali waliilaza juu ya chuma, unyevu ukakaa hapo miaka 30, na chuma kikaliwa kutoka ndani wakati nje kimepakwa lami vizuri. Tafuta kile kimfuniko cha sakafuni karibu na tezi, kifungue, weka mkono. Pakavu penye vumbi ni habari njema sana.

Gesi ni nzito kuliko hewa, ikivuja inashuka ngama inakaa, ndo maana chupa zinatakiwa kwenye kijumba chake chenye tundu la kutolea nje ya boti juu ya maji. Zamani kila mtu alifanya anavyojua. Ule mpango wa usalama wa boti wa miaka ya 90, wenye ukaguzi wa kila miaka minne, ulisafisha mengi, na kuanzia Juni 1998 boti mpya zikatakiwa zitimize kanuni za Ulaya na kubeba alama ya CE. Mafundi wa zamani walinung'unika kuhusu makaratasi. Mi naona yaliokoa watu.

Urembo nao niuseme kwa sababu ulikuwa kazi ya mikono. Mwandishi wa herufi alikuwa anakuja yadini na visanduku vya brashi zake, anapiga mstari wa chaki ubavuni, anaandika jina la boti na mji wake kwa brashi ndefu ya nywele laini, kivuli upande mmoja, mkono umeegemea kijiti, hapumui mpaka herufi iishe. Ile kabini ya nyuma ya jadi, futi 10 hivi, ilipakwa kuiga mishipa ya mbao, kabati likifunguka linakuwa meza, kitanda kinakaa kukingama, jiko la chuma pembeni ya mlango, sahani zenye kingo za lesi ukutani. Familia nzima ziliishi mle enzi za mizigo. Shooni watu walikuwa wanaingia hapo wananyamaza, nami niliheshimu sana yadi zilizojenga kabini hizo kwa vipimo vya kweli badala ya kubandika ribiti za uongo nje na kuita jadi. Ribiti si mbaya, ila ziwe zinafuata mpangilio wa boti za kweli, wajuzi wanaziona mara moja.

Shoo ya London ilihamia ukumbi wa ExCeL mwaka 2004, kando ya gati la Royal Victoria, ya mwisho ikawa Januari 2018, na Earls Court lenyewe lilifungwa 2014 likabomolewa. Watu wa naroboti walishahama kabla ya hapo, wakajikusanya Crick, Northamptonshire, mwisho wa Mei, shoo ya wazi kwenye marina. Crick naipenda na ninawashauri muende. Boti zinaelea, baadhi unaweza kusafiri nazo, mafundi wapo, unasikia injini, unashika kana, yale yote niliyolalamikia kuhusu kumbi Crick imeyajibu. Lakini boti imo majini! Unachoona ni nusu ya juu. Na nimeona mabadiliko kwa macho, mazungumzo yamehama kutoka chini kwenda ndani, kaunta za mawe, mashine ya kufulia, sola ngapi juu ya paa. Sina ugomvi na mashine ya kufulia. Ila mtu anazunguka boti saa nzima na hakuna alipouliza swimu yake futi ngapi, kwa sababu hakuna kilichomkumbusha kwamba ipo.

Kwa hiyo anayeniuliza kuhusu ile ya 1984 au ya 1992, jibu langu ni kwamba mwaka wenyewe haunisaidii. Agiza itolewe majini, gatini au kwa kreni, gharama ni yako na ilipe bila kinyongo, sevea, yaani mkaguzi wa boti, aje na kipimo chake cha mawimbi ya sauti akuandikie unene sehemu kwa sehemu, kampuni nyingi za bima zinataka isiwe chini ya milimita 4. Sevea umchague wewe, usipewe na muuzaji. Siku hiyo hiyo nenda mwenyewe uvae nguo za kazi, kabla hawajaiosha kwa mashine ya maji, angalia lami imebanduka wapi na vishimo vimekaa wapi, piga goti tezi uangalie swimu, pitisha kidole kwenye mshono wa chini upande wa kushoto kisha kulia. Muuzaji akikuambia haiwezekani kuitoa, au ripoti ya miaka sita iliyopita inatosha, mwambie asante na uangalie nyingine, zipo. Wenye maswali ya boti maalum nitumieni urefu, mwaka, aliyejenga gamba, na picha za tezi ikiwa nje ya maji. Za sebule niacheni kwanza.